Friji Limeshakufa, Usife Nalo: Kutoa Friji Kuukuu Besimenti Bila Mtu Kuumia

(Mliokosa kufika mliomba niwawekee maneno yote, haya hapa kama nilivyoongea. Zile picha za ukutani nimeziacha, hazina maana bila mimi kusimama pembeni nikizielekezea kidole.)

Ndugu zangu, habari zenu. Mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele.

Hebu nyoosheni mikono kwanza. Nani hapa ana friji bovu limekaa besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, na kila mwaka anasema mwaka huu lazima litoke? Eeh, naona. Sasa shusheni. Na nani ameshawahi kushika upande wa chini wakati friji linapandishwa ngazi? Mikono imepungua lakini nyuso zimebadilika. Nyie ndio niliowafuata leo.

Nina jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote yananing'inia hapo. Friji hilo limeshakufa. Mnalitoa ili likatupwe. Sasa niambieni, kwanini mtu aweke kifua chake chini ya kilo 100 za bati ili bati lisipate mkwaruzo? Nimeshuhudia hili kwa macho yangu, friji linaponyoka, na yule wa chini badala ya kuruka pembeni analikumbatia. Analikumbatia, jamani! Takataka! Na wala sio mjinga, mikono inaenda yenyewe, ndivyo tulivyoumbwa, kitu kikianguka tunakidaka. Ndio maana uamuzi wa kuachia unafanywa mapema, watu wakiwa bado wamekaa na akili zimetulia, sio katikati ya ngazi jasho likiwa machoni. Kabla hamjaligusa semeni kwa sauti, kila mmoja asikie: likianza kwenda, tunaliacha liende. Ngazi ikivunjika itatengenezwa, ukuta utapigwa plasta. Mgongo je?

Sasa tuongelee uzito, maana hapa ndipo watu wanajidanganya sana. Friji kubwa la zamani linaweza kuwa kilo 80, 100, mengine yanapita 120. Watu wanapiga hesabu ya haraka: tuko wawili, kilo 100, kila mtu 50, mbona gunia nimeshawahi kubeba. Ngoja kwanza. Kule Marekani kuna taasisi ya usalama kazini inaitwa NIOSH, na hesabu yao ya kunyanyua mzigo inaanzia kilo 23. Yaani mtu mmoja, mikono miwili, mzigo uko karibu na mwili, sakafu kavu, hujipindi, una pa kushika vizuri. Hapo ndio 23, na kila kitu kinachoharibika kwenye hiyo picha kinaishusha zaidi. Sasa ngazi za besimenti zina nini katika hayo? Unajipinda, mwanga hafifu, huoni miguu yako, na friji halina hata sehemu moja ya kushika. Halafu wewe unasema 50.

Na hiyo 50 kwa 50 yenyewe haipo. Mkibeba kwa mikono kwenye ngazi, mmoja juu mmoja chini, wa chini anachukua sehemu kubwa, maana mzigo ukiinama unamlalia yeye. Tena friji uzito wake haujatapakaa sawasawa, kompresa iko chini kwa nyuma, kile kidude cheusi cha mviringo kinachosukuma gesi, peke yake kinaweza kufika kilo 10. Kwahiyo wa chini ameshika kompresa, amebeba zaidi, anarudishwa kinyumenyume, na akiteleza hana pa kwenda. Halafu kwa kawaida nafasi hiyo tunampa nani? Kijana, eti ana nguvu. Nguvu hapo hazisaidii kitu, kinachosaidia ni nafasi ya kukwepa, na hana.

Ngazi yenye mwinuko wa digrii 35, ambayo ni ya kawaida tu, zaidi ya nusu ya uzito inavuta kurudi chini. Kilo 100, hapo unashindana na kilo kama 57 zinazotaka kurudi zilikotoka, na hazichoki, wewe unachoka. Kwahiyo tusibebe. Tunavuta, kwa toroli.

Na sio toroli lolote. Kuna lile refu la kubebea mafriji, lina mikanda ya kufungia mzigo na nyuma lina mikanda ya raba inayoteleza kwenye ukingo wa ngazi. Likodi, usinunue, utalitumia lini tena? Soma uzito linaoruhusu, umeandikwa kwenye kibati chake. Ulimi wake unauingiza chini ya friji kwa UBAVUNI, sio kwa mbele na sio kwa nyuma, nyuma kuna mabomba, na mabomba tutafika huko muda si mrefu. Weka blanketi katikati, funga mikanda miwili, mmoja juu mmoja chini, kaza mpaka ukilitikisa friji na toroli vinatikisika pamoja. Kama friji linacheza peke yake ndani ya mikanda hujafunga, umepamba.

Wakati wa kupanda, mmoja yuko juu anavuta kinyumenyume, ngazi moja, mnapumzika, ngazi moja, mnapumzika. Mwenye kutoa amri awe mmoja tu. Neno "simama" anaweza kusema yeyote na likisemwa wote wanasimama bila kuuliza kwanini. Halafu kuna kamba. Kamba watu wengi wanaidharau sijui kwanini, kamba nene imefungwa kwenye chuma cha toroli, inapanda juu, inazungushwa kwenye kitu imara, nguzo ya nyumba kwa mfano, sio kitasa cha mlango nawaomba, na mtu wa tatu anakusanya ulegevu kila mnapopanda ngazi moja. Likiponyoka linarudi ngazi moja tu linashikwa na kamba. Mimi bila kamba siendi.

Na yule wa chini? Kama ngazi ni pana anakaa ubavuni, anaelekeza, anasukuma kidogo kwa pembeni, na miguu yake haipo kwenye njia ya friji. Kama ngazi ni nyembamba kiasi kwamba hakuna ubavuni, basi hakuna mtu wa chini. Narudia. Hakuna mtu wa chini! Hapo mnatafuta winchi ya mkono, ile mashine ya kuvutia mzigo kwa kamba, mnalaza mbao ndefu mbili juu ya ngazi, mnavuta kutoka juu, na chini huko mlango umefungwa hata mtoto asichungulie.

Kuna bwana mmoja fundi wa kuhamisha vyombo, mtu mzima, kazi hii kaifanya umri wake wote, nilimkuta siku moja anakagua ngazi ya mbao kabla ya kazi. Hakugusa friji kabisa. Alipiga magoti akawa anabonyeza kila ubao kwa bisibisi pale unapokutana na mhimili wa pembeni, tena kwa chini yake, sehemu isiyoonekana, na kwenye ubao mmoja bisibisi ikazama kama kwenye mkate. Umeoza kwa unyevu, kwa juu umepakwa rangi unang'aa. Mwenye nyumba anamwambia mbona tunapita hapo kila siku. Akamjibu, unapita wewe peke yako. Akapiga hesabu pale pale, friji kilo 120, watu wawili kilo 80 kila mmoja, jumla 280, na zote zinasimama kwenye ngazi mbili tatu kwa wakati mmoja. Wakapigilia mbao mpya kwanza, kazi ikaahirishwa. Mwenye nyumba alinuna, lakini alinuna akiwa mzima.

Haya, tuje kwenye maandalizi, na hapa nitaenda mbio mbio maana mengi mnayajua. Chomoa plagi, mikono mikavu, na kama sakafu ya chini ina maji zima umeme kwenye swichi kuu kwanza. Kama ni lile friji linalotengeneza barafu lenyewe, funga maji kwanza, kisha chomoa bomba lake kwenye friji. Acha friji wazi siku nzima barafu iyeyuke, taulo chini. Toa vioo na droo zote, vioo vya mafriji ya zamani ni vizito kuliko unavyodhani na vikianza kuteleza ndani mkiwa njiani mzigo unahama upande bila kukuaga.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakuna anayekwambia. Mafriji mengi yana kitrei cha plastiki nyuma chini, kimekaa juu ya kompresa au jirani yake. Barafu ikiyeyuka maji yanashuka kwa kijibomba yanaingia humo, na friji likiwa zima lile joto la kompresa linayakausha, ndio maana hujawahi kuyaona. Sasa friji limezimwa, umeyeyusha barafu yote, maji yameenda wapi? Yamejaa kwenye kitrei, yamechanganyika na uchafu wa miaka, rangi ya chai, harufu usiniulize. Hamjakitoa, mnaliinamisha kwenye toroli, ule mchuzi unamwagika wapi? Kwenye ngazi. Chini ya viatu vyenu. Kwahiyo tochi, piga goti, kitafute, kichomoe taratibu, na kama kimeng'ang'ania nyonya maji kwa kitambaa.

Na vipimo. Usipime friji peke yake, pima njia. Pale pembamba kuliko pote, kati ya ukuta na kishikio cha ngazi, pale ngazi inapokunja, na kichwani, dari. Watu wanasahau dari. Friji la sentimita 180 kwenda juu na 70 kwenda nyuma, likiinama, kutoka kona mpaka kona ni sentimita 193. Dari ya sentimita 190 juu ya ngazi ya kwanza, hamtoki hapo. "Mbona liliingia?" Nalisikia swali hilo kila mara. Liliingia kabla hamjajenga ule ukuta wa kugawa chumba, kabla hamjashusha dari, kabla ya kishikio kipya. Njia imebadilika, friji halijabadilika. Lakini kumbukeni, limeshakufa! Ng'oa milango yake, friji linapungua unene na kilo kadhaa zinaondoka. Ng'oa kishikio cha ngazi, ng'oa mlango wa besimenti kwenye bawaba zake. Watu wanaogopa kung'oa skrubu nne halafu hawaogopi kulaliwa na friji, sijui mnaielewa hiyo akili, mimi bado.

Nimesema ng'oa. Sasa kuna kitu kimoja hukati, hupigi nyundo, huchokonoi, nacho ni bomba. Gesi.

Niwape kisa. Miaka ya 1920 mafriji ya majumbani yalikuwa yanatumia gesi za sumu, salfa dayoksaidi, methili kloraidi, amonia. Inasimuliwa kwamba Albert Einstein, huyo huyo mnayemjua, alisoma gazetini habari ya familia moja ya Berlin iliyokufa usingizini kwasababu friji lao lilivuja usiku. Ikamuuma. Akakaa na mwanafizikia mwenzake Leo Szilard wakabuni friji lisilo na kitu kinachozunguka ndani, maana kilichokuwa kinavuja ni zile sehemu zinazozunguka, na mwaka 1930 wakapata hataza yake Marekani. Mafriji yao hayakuingia sokoni, kwasababu kipindi hicho hicho ikatokea gesi mpya, R-12, ile watu wengi wanaiita Freon. Haiwaki, haina sumu kali, kila mtu akafurahi. Mpaka 1974, wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba gesi za ukoo huo zikipanda angani zinakula tabaka la ozoni, na mwaka 1987 nchi zikasaini Mkataba wa Montreal kuziondoa. Zikaja R-134a, siku hizi R-600a ambayo kiukweli ni isobutani, ndugu ya gesi ya kupikia, na inawaka.

Kwanini nawachosha na historia? Kwasababu friji lako la besimenti ni umri gani? Chungulia nyuma au ndani ubavuni, kuna kibandiko kimeandikwa aina ya gesi. Ukikuta R12 ujue kilo moja yake inapasha dunia joto kuliko kilo 10,000 za kaboni dayoksaidi, na lile povu la kwenye kuta za friji la zamani nalo limejaa gesi ya ukoo huo huo. Ukikuta R600a, au ile alama ya pembetatu yenye moto karibu na kompresa, hapo hatari ni ya papo hapo.

Na sikilizeni hili, linahusu besimenti hasa. Gesi hizi karibu zote ni nzito kuliko hewa. Ukitoboa bomba ghorofani itatafuta mlango iende zake. Ukitoboa besimenti inaenda wapi? Haina pa kwenda, inatulia sakafuni, na wewe umepiga goti sakafuni. Hiyo R-12 haikuui kwa sumu, inachukua nafasi ya hewa unayovuta, na ikikutana na moto inageuka kuwa sumu kweli. Hiyo R-600a inatembea chini chini mpaka ifike kwenye hita ya maji yenye kimoto kinachowaka muda wote, na hita nyingi ziko wapi? Huko huko besimenti. Kwahiyo madirisha wazi, moto umezimwa, na mkisikia mlio wa gesi ikivuja mnatoka wote, friji mnaliacha hapo hapo. Limeshakufa!

Njia nzuri kuliko zote ni kumwita fundi friji mwenye mashine ya kuvuta gesi aje aitoe humo humo chini, aiweke kwenye mtungi wake. Nchi nyingi kuiachia hewani ni kosa, Marekani imekatazwa tangu 1992. Fundi atakayekwambia "nikate tu itoke yenyewe dakika mbili", mshukuru, mpe maji, asindikizwe. Gesi ikishatoka kihalali friji linakuwa debe tu, unaweza kuomba atoe na kompresa, kilo nyingine zimepungua, unaweza kulilaza ubavu, unaweza kulifungua vipande, wasiwasi wote wa mabomba umekwisha. Gharama ipo ndio, lakini linganisheni na gharama ya mgongo.

La mwisho, na hapa sitaki utani. Milango.

Zamani mafriji yalikuwa na komeo, ukifunga linabana kwa chuma na ndani huwezi kufungua. Watoto wakicheza kujificha waliingia kwenye mafriji yaliyotupwa, na hawakutoka. Ilitokea mara nyingi mpaka Marekani mwaka 1956 wakatunga sheria nzima kwa ajili ya hilo peke yake, na kuanzia mwishoni mwa 1958 kila friji la nyumbani lililouzwa kule lilitakiwa lifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani. Ndio mlango wa raba ya sumaku ukaenea, huu tunaoutumia wote. Sasa msinielewe vibaya, sumaku haina maana ni salama. Friji lako kuukuu laweza kuwa la komeo. Friza la kifuniko juu laweza kuwa na kufuli. Na hata la sumaku, likianguka kifudifudi mlango umebanwa na ardhi, nani atausukuma?

Kwahiyo milango inatoka siku ile ile unapochomoa plagi, sio siku ya kubeba. Kazi yenyewe fupi: kifuniko cha plastiki juu ya bawaba unakibandua kwa bisibisi bapa, chini yake skrubu mbili au tatu za spana, mwenzako ameushika mlango, unazilegeza, unanyanyua bawaba, mlango unauinua kutoka kwenye pini ya chini. Kama kuna waya zinapita kwenye bawaba zichomoe kwanza. Na msiache friji nje usiku mmoja na mlango wake mkisema watu wa vyuma chakavu wanakuja asubuhi. Usiku huo mmoja ndio naouogopa.

Haya, maswali. Yule dada pale ukutani.

Anauliza, ngazi yao ni ile ya kuzunguka, ya chuma, friji litapitaje? Halitapita, dada yangu. Toroli halizunguki, na mtu wa juu hamuoni wa chini. Mwite fundi atoe gesi na kompresa, kisha vueni milango, kata boksi vipande kwa msumeno, vaeni barakoa na miwani na glavu kwasababu ya lile povu na kingo za bati, vipande vya povu viingie kwenye mifuko mkavikabidhi pamoja na bati, msivichome moto. Mtapandisha kipande kimoja kimoja mkononi.

Na wewe mzee wangu? Anasema anaweza kuliacha tu huko chini awe anawekea rangi na vifaa, kama kabati. Shikamoo mzee. Unaweza, gesi ikiwa imetolewa na fundi na milango ikiwa haipo. Kabati bila milango. Nimekuona umecheka lakini namaanisha.